Vibuyu Vinane vya Kumpata Baba Yako

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ile nyanya yako wa Chebunyo alipoweka kikombe chini. Naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, maana siku ya harusi viatu vilinibana na akili yangu yote ilikuwa miguuni. Siku ya kikombe nilikuwa na kandambili, na niliona kila kitu.

Jana umenipigia simu kutoka huko kiwandani, unahema kama mtu aliyefukuzwa na ng'ombe. Una vitu tisa vya kujaribu, ukasema: joto la hewa ya kunyausha majani, unene wa majani kwenye vitanda, muda wa kuyachachusha, joto la kikaushio, na vingine ambavyo sikuvishika kwa sababu ulikuwa unakula. Meneja anataka jibu upesi, na wewe hujui uchague mpango gani wa majaribio. Nikakwambia nitakuandikia, kwa sababu kwa simu unanikatiza. Sasa kaa chini, na umalize hicho unachotafuna.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeajiriwa maabara ya kiwanda kimoja cha chai huku kwetu juu. Baba yako, Kibet, alikuwa fundi wa boila. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu wewe ni mtu mzima, na kwa sababu yeye mwenyewe hajasikia neno hilo kutoka kwangu siku nyingi, kwa hiyo ukipenda mwambie. Kwao ni Chebunyo, watu wa ng'ombe. Kwao mursik haikuwa maziwa tu ya kulaza kwenye kibuyu kilichopakwa makaa ndani. Mursik ndiyo ilikuwa inaonyesha nyumba ina mikono au haina. Na sisi wa huku walituita watu wa majani, kwamba tunajua kuchuma chai na kungoja bonasi, basi.

Nyumbani kwetu mwenye mkono wa mursik alikuwa mama yangu. Lakini mwaka huo aliteleza kwenye njia ya kituo cha kununulia majani, akavunjika mkono, ukafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Siku mama yake Kibet alipokuja kutujua, mursik niliitengeneza mimi.

Nilipomimina, kilitoka kwanza kitu kama maji ya kuoshea mchele. Halafu kimya. Halafu mabonge, moja moja, yakianguka kikombeni kwa sauti. Mama Kibet alionja kidogo, akaweka kikombe chini taratibu, akatabasamu, akasema:

"Chai yenu ya huku ni mzuri sana."

Mwanangu, hakukuwa na chai mezani.

Kabla hawajaondoka, ilikubaliwa kwamba koito, ile siku wazee wa pande mbili wanakaa kuzungumza ndoa, itakuwa Desemba shule zikifungwa. Siku ya koito mursik ndiyo inatangulia. Ikiwa mbaya, wale watu hawatakwambia hapana. Wataomba tarehe nyingine, na nyingine tena, mpaka kijana apatiwe msichana kwingine. Niliogopa sana. Nilikuwa nalia nikipima unyevu wa chai, mpaka nikawa na wasiwasi kwamba napima machozi.

Basi nyumba yetu ikageuka mahakama. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Senge, yaani dada ya baba yangu, alisema shida ni mti wa makaa: tumetumia mti wa ovyo badala ya senetwet. Babu yangu alisema ni ng'ombe: maziwa ya ng'ombe wa gredi ni maji yaliyopakwa rangi, tutumie ya ng'ombe wake wa kienyeji, ambaye kwa siku alitoa kikombe kimoja na mateke mengi. Baba alisema vibuyu ni vipya mno. Mama alisema mimi namimina maziwa yakiwa bado vuguvugu. Jirani alisema kibuyu hakijakauka vizuri kabla ya kupakwa makaa. Mwingine akasema tukiweke stoo, si kona ya jikoni. Na shangazi wa mama yangu, mwanamke wa heshima zake, alisema tatizo ni mdomo: anayemimina mursik asiongee, na mimi nilikuwa nikiongea kama redio.

Washukiwa saba. Nikaanza kuwashughulikia mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipopotea. Wiki hii nabadilisha mti, mengine yote nayaacha yalivyokuwa. Mabonge. Narudisha mti wa zamani, nabadilisha ng'ombe. Mabonge na teke la goti. Narudisha ng'ombe, nakausha kibuyu juani mpaka kinalia ukikigonga. Mabonge. Nikajaribu maziwa yaliyopoa kabisa kwenye kibuyu chenye unyevu kama kawaida, mabonge tena, na mama akanitazama kama nimemsingizia. Kila mmoja alisema ushauri wake ulikuwa sawa ila mimi sikuufuata kwa moyo. Senge na babu waliacha kusalimiana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa nani amekosea kidogo kuliko mwenzake.

Nikasema basi, nijaribu kila mchanganyiko unaowezekana, nisibakize hata mmoja. Nikakaa nikapiga hesabu. Kila kitu kina njia mbili, viko saba, mbili mara mbili mara mbili... ikatoka vibuyu mia moja ishirini na nane. Unajua mapenzi yanavyomfanya mtu? Sikushtuka. Nilitoka kwenda kuazima.

Nilizunguka kijijini nikiomba vibuyu, na kila niliyemwomba alinipa kimoja na swali moja. Kufika Jumapili, kanisani watu walikuwa wananipa mkono kwa heshima mpya. Mke wa mchungaji akanivuta pembeni akaniuliza kama koito yangu itafanyiwa uwanja wa soko, na kama kwaya imekumbukwa. Watu walikuwa wameshahesabu: vibuyu vyote hivyo, basi waziri anakuja. Kuna mzee alishona suti.

Habari zikafika kazini. Mkubwa wangu wa maabara alikuwa Bwana Njoroge, mtu wa kutoka upande wa Nyeri aliyekaa huku miaka mingi, akajua Kipsigis cha kutosha kusalimia na kununua viazi. Aliniita.

"Chelangat, wewe unafanya kazi kwa maabara ama kwa soko ya vibuyu?"

Nikamweleza yote, kuanzia mabonge mpaka mateke. Hakucheka, na hilo lilinitia moyo. Baadaye niligundua alikuwa amejizuia, kwa sababu alitoka nje na nikamsikia.

"Mimi hiyo maziwa yenu ya makaa siwezi kunywa hata ukinipatia shamba," akasema aliporudi. "Lakini shida yako naijua. Ndiyo ile ile ya hii kiwanda. Vitu ni mingi, na wewe hujui gani inafanya kazi na gani ni ya kelele tu."

Akachukua vikombe vyeupe vya kuonjea chai, akavipanga vinane mezani. Akanionyesha jinsi ya kugawa wale washukiwa saba kwenye vibuyu vinane tu. Kila kibuyu kina mchanganyiko wake. Kila mshukiwa anakaa upande mmoja kwenye vinne na upande wa pili kwenye vinne, na wamepishanishwa hivi kwamba ukilinganisha vinne na vinne kwa ajili ya mti, mambo mengine yote yamegawanyika sawa pande zote mbili. Kwa hiyo vibuyu vyote vinane vinasema kuhusu mti. Halafu hivyo hivyo vinane vinasema kuhusu ng'ombe. Na kuhusu kibuyu kipya, na vyote saba. Nilivyokuwa nikifanya mimi, kubadilisha moja na kurudisha, kila kibuyu kilijibu swali moja halafu kikatupwa.

Nikamwambia tumwondoe mshukiwa wa kunyamaza, maana hata mimi nilijua ni upuuzi.

"Usitoe," akasema. "Huyo ndiye atakusaidia sana. Kama kunyamaza itaonekana ina nguvu kiasi fulani, basi ujue kiasi hiyo ni bahati tu. Kitu ingine yoyote ikiwa na nguvu kama ya kunyamaza, hiyo nayo usiamini."

Mwanangu, hapo pekee ningelipa mshahara kuambiwa.

Halafu akaniambia ubaya wa mpango huo, na ubaya sikuusikiliza. Alisema vinane ni vichache, na kwa uchache huo kuna vitu vitajificha nyuma ya vingine. Vitu viwili vikishirikiana kufanya jambo, nguvu ya ushirika wao inaweza kuandikwa kwa jina la kitu cha tatu kisichohusika. Ukitaka kuona wazi zaidi, fanya kumi na viwili. Ukishuku kabisa kuna vitu vinashirikiana, fanya kumi na sita. "Chagua kulingana na unachoogopa," akasema. Mimi nilichoogopa ni Desemba. Nikachukua vinane nikakimbia.

Vibuyu vikalazwa, siku zao zikafika, nikaita waonjaji: babu na wazee wenzake watatu. Nikawamiminia kimoja kimoja, nikawauliza. Cha kwanza, "Tamu sana." Cha pili, "Tamu sana, kongoi," yaani asante. Cha tatu kilikuwa na harufu ya soksi. "Tamu sana." Wewe unajua watu wetu: hakuna mzee wa Kipsigis atakayekaa kwenye nyumba ya mtu, apewe mursik, aseme ni mbaya. Ataimeza na atakubariki. Isipokuwa kimoja tu walikisifu kuliko vyote kwa makelele, nacho ni kile chenye shanga za marehemu bibi yangu, ambacho babu alikitambua tangu mlangoni. Nikarudi kazini na majibu yaliyofanana karibu yote, pamoja na machozi ya babu aliyemkumbuka mkewe.

Bwana Njoroge akashika kichwa. "Hawa wameonja heshima, hawajaonja maziwa. Rudia. Mimina kwa jikoni, wasione kibuyu. Weka namba chini ya kikombe, changanya mpangilio. Na usiulize mtu kitu. Wakienda, pima ile imebaki kwa kikombe."

Nikalaza upya. Wazee wakaja tena kwa furaha kubwa, tena safari hii wakiwa sita, habari zilikuwa zimeenea. Wakasifu kila kikombe. Wakaenda, nikapima mabaki. Mwanangu, mdomo ulikuwa umesema tamu mara nane, lakini vikombe vingine vilibaki vimejaa mpaka ukingoni, na viwili vilikuwa vimekauka kama vimelambwa.

Nikafanya hesabu. Ng'ombe wa babu: hakuna kitu. Kibuyu kipya au cha zamani: hakuna kitu. Mti wa senge: nguvu kidogo, karibu sawasawa na ya kunyamaza. Lakini watatu walisimama juu ya wote, na wote watatu karibu sawa: kukausha kibuyu, kupoza maziwa, na kukiweka stoo. Nikaruka. Nikamwambia kila mtu. Nikamwambia hata senge, bila akili, kwamba mti wake umelingana na kufunga mdomo. Alikwenda kwake na hakurudi mpaka alipoitwa na wazee wawili.

Tena nikaona nimepata njia ya mkato. Stoo ni rahisi kuliko kuanika vibuyu na kungoja maziwa yapoe, nikasema nitaanza na stoo pekee. Baba akatoa mahindi yake yote stoo kupisha vibuyu vya koito. Yakanyeshewa. Na mursik ikatoka mabonge.

Nilimwendea Bwana Njoroge nimenuna, nikamwambia mpango wake umenidanganya. Aliweka kijiko chini, na nilimwona kwa mara ya kwanza amekasirika.

"Mpango haikudanganya. Ilikwambia vile inaweza kuona, na wewe ukasikia ile unataka. Nilikwambia nini kuhusu vinane? Chelangat, hii ni mchujo. Wewe unajua mchujo wa vyama? Wagombea wakiwa wengi, mnatoa kwanza wale wa kujaribu bahati. Sasa wewe mchujo imeisha asubuhi, na jioni ushaapisha mtu!"

Niliona aibu mpaka masikio. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu mzuri, akavuta vile vikombe tena. Akanionyesha kwamba kwa jinsi tulivyopanga, popote ambapo kibuyu kilikauka na maziwa yakapoa kwa pamoja, kibuyu hicho kilikuwa stoo. Kwa hiyo huenda stoo haikufanya lolote, ilikuwa imesimama tu karibu na wafanyakazi wawili ikapigwa picha nao. Dawa yake ni vinane vingine, kila kitu kigeuzwe: kilichokuwa juani kiwe na unyevu, kilichokuwa stoo kiwe jikoni, aliyenyamaza aongee.

Nikageuza. Wazee wakaja, safari hii na vikombe vyao. Nikapima mabaki. Kukausha ilikuwa bado na nguvu. Kupoza ilikuwa bado na nguvu. Na stoo, ile stoo iliyomnyeshea baba yangu mahindi, sasa ilionekana mbaya kwa kiasi kile kile ilichoonekana nzuri mwanzoni. Ukijumlisha, sufuri. Walikuwa wawili tu, na walifanya kazi wakiwa pamoja. Kibuyu kikavu peke yake hakisaidii, maziwa yaliyopoa peke yake hayasaidii, ndiyo maana nilipowajaribu mmoja mmoja wote walionekana hawana maana. Jirani alikuwa sawa, mama alikuwa sawa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa sawa peke yake.

Nikalaza vibuyu viwili vya kuhakikisha, halafu vya koito vyenyewe.

Siku ya koito watu wa Chebunyo walifika, na majirani pia, pamoja na yule mzee mwenye suti. Nilimimina. Ilitoka laini, ya majivu kidogo kwa rangi, bila sauti. Mama Kibet alikunywa, akanyoosha mkono aongezewe. Akauliza nani ametengeneza. Kabla sijafungua mdomo, senge akasema ni mti wa senetwet, babu akasema ni ng'ombe wake, na shangazi wa mama akasema ni kunyamaza. Nikawaacha. Kwa siku hiyo shangazi wa mama alikuwa sawa: nilinyamaza, na nilipata mume.

Ungefikiri hadithi imeishia hapo. Mimi pia nilifikiri. Nikaenda Chebunyo bibi arusi mwenye kiburi, nikijua siri ya mursik ya dunia nzima. Nikakausha kibuyu, nikapoza maziwa, nikalaza, nikaita ukoo wa mume wangu. Nilipofungua kifuniko, kiliruka. Ile harufu, mwanangu, mbwa walisimama. Huku kwetu juu kuna baridi na ukungu. Chebunyo kuna jua, maji ni mengine, ng'ombe wanalamba chumvi ya ardhi. Nilikuwa nimepima nyumba ya baba yangu, halafu nikajifanya nimepima kaunti yote ya Bomet.

Nilijificha nyuma ya ghala nikalia. Nililia kweli, sikuigiza, kwa sababu niliona sasa watanirudisha. Mara nikasikia vitu vinagongana. Alikuwa nyanya yako, amebeba vibuyu vimening'inia mabegani kwa kamba zake. Akaviteremsha kimoja kimoja mbele yangu, akakaa chini kwenye nyasi, akajifuta jasho.

"Kibet aliniambia ile maneno ulifanya kwenu," akasema. "Mimi nimetengeneza mursik miaka mingi, na kila mwaka wakati wa jua inaniharibikia, na sijawahi ambia mtu. Nafikiri ni joto. Ama ni maji ya bwawa. Ama ni hii chumvi. Sasa niambie, tuanze na ngapi?"

Nikamtazama. Nikajipangusa pua.

"Kumi na sita, mama," nikasema.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na nitaisema wazi kwa sababu wewe hupendi kutafuta. Vitu tisa usivijaribu kimoja kimoja, utazeeka na vitakudanganya. Wala usitake kuvijaribu kwa kila mchanganyiko, kiwanda kitakosa majani na utakosa kazi. Chagua mchujo. Lakini kabla hujachagua, uliza vitu gani vinaweza kushirikiana, kwa sababu kadiri unavyouogopa ushirika huo, ndivyo majaribio yanavyotakiwa kuwa mengi. Ukiwa na muda kidogo, chukua mpango mdogo, ila uweke akiba ya kuugeuza. Weka ndani kitu kimoja ambacho unajua hakina maana, kikuonyeshe bahati ina urefu gani. Waonjaji wasijue wanaonja nini, hasa wakikupenda. Usimwambie mtu mti wake hauna maana mbele ya watu. Na jibu la kiwanda chako ni la kiwanda chako. Ukihamishwa Kericho, anza upya bila kununa. Meneja akisema anataka jibu Ijumaa, mpe majina ya waliobaki kwenye mchujo, na umwambie uchaguzi bado.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na macho yako, akulinde na boila na mikanda ya mashine, akupe wakubwa wanaojua kukasirika kwa sababu nzuri. Na siku atakayokupa jibu la haraka, akupe pia mashaka ya kutosha kulirudia.